Michikichi Miwili ya Kilimani

Mbegu zote mia moja alizootesha mzee mmoja wa mwambao wa Ziwa Tanganyika zilitoka katika michikichi miwili aliyoachiwa na babake, miti iliyosimama peke yake kilimani, ikichavushana yenyewe kwa yenyewe. Chikichi zake zilisifika: nyama nene, kokwa la gamba jembamba, mawese tele. Mzee aliamini, kama waaminivyo wengi, kwamba mti mwema huzaa wema mtupu. Akapanda, akapalilia, akangoja.

Mwaka wa nne shamba lilimtolea watoto wa sampuli tatu. Nusu hivi walifanana na wazazi. Robo walizaa makokwa ya gamba nene, yenye nyama haba. Robo iliyobaki ilistawi kupita miti yote, ikatoa mikungu, na mikungu ikaoza kabla ya kuiva. Majirani walinong'ona habari za kijicho. Mzee alichukua shoka, akaiangusha hiyo miti tasa.

Jawabu lilikwisha kupatikana Yangambi, nchini Kongo, mwaka 1941, kwa juhudi za Beirnaert na Vanderweyen. Gamba huamuliwa na jeni moja, na kila mti una nakala zake mbili, moja ya mama na moja ya baba. Nakala mbili za gamba nene hutoa dura. Mbili zisizo na gamba hutoa pisifera, ambayo aghalabu ni tasa. Zikikutana moja na moja, hakuna inayoimeza nyingine: gamba huwa jembamba, nayo ndiyo tenera, inayoizidi dura kwa mafuta takriban asilimia 30. Basi miti ile ya baba haikuwa ya asili moja hata kidogo. Wema wake ulikuwa ni huo mchanganyiko, na mti hauwezi kumrithisha mtoto nakala zote mbili.

Lililo chungu ni lile shoka. Dura ikichavushwa kwa chavua ya pisifera, watoto wote, bila kubakia hata mmoja, huwa tenera; ndivyo zipatikanavyo mbegu bora, Kihinga kule Kigoma na kwingineko. Miti tasa iliyoangushwa ndiyo hasa madume yanayotafutwa.

Mzee sasa hununua miche kitaluni. Michikichi ya kilimani ingali imesimama, na makokwa yake huvunjwa kwa ajili ya mafuta ya mise tu.