Alisema Alichokiona

Katika filamu ya Stranger on the Third Floor hakuna shahidi mwongo. Nimeitazama mara tatu nikimtafuta, sijampata. Mike Ward, mwandishi wa habari kijana, anapanda kizimbani na kueleza kwamba alimwona dereva teksi aitwaye Joe Briggs amesimama juu ya maiti ya Nick, mwenye mgahawa. Na kweli alimwona. Hakuongeza chumvi. Hakumwona akimkata Nick koo, wala hakudai kumwona. Juri wanasikiliza, wanamtia Briggs hatiani, naye anahesabiwa siku za kukalishwa kwenye kiti cha umeme kwa kosa ambalo hakulitenda.

Filamu hii ilitolewa na studio ya RKO mwaka 1940, ikaongozwa na Boris Ingster. Ina dakika 64 tu. Wanahistoria wengi wa sinema huitaja kuwa ya kwanza katika zile filamu za Kimarekani ambazo baadaye Wafaransa waliziita nyeusi: vivuli vya ngazi, mwanga unaopita kwenye mapazia ya vibanzi na kumchora mtu mistari usoni kana kwamba tayari yuko nyuma ya nondo. Mpiga picha wake, Nicholas Musuraca, alikuja kupiga Cat People mwaka 1942 na Out of the Past mwaka 1947, na wanaopenda vivuli huanzia kwake. Mimi nilipewa niitazame katika somo la sheria ya ushahidi, na vivuli sikuviona sana mara ya kwanza. Nilikuwa namtazama shahidi.

Namjua shahidi wa aina hiyo. Ni mama mwenye genge mtaani kwetu.

Kaka yangu ni dereva wa bodaboda. Usiku mmoja duka la jirani lilivunjwa, mlinzi akapigwa nondo, fedha na simu zikachukuliwa. Saa kumi alfajiri yule mama alikuwa anatoka kwenda sokoni kufuata nyanya. Akamwona kaka amesimama mbele ya duka, pikipiki imezimwa, mlango wa duka uko wazi. Polisi walipopita mtaani wakiuliza nani kaona nini, alisema alichokiona. Angefanya nini kingine? Mimi ningesema hivyo hivyo.

Shtaka lilikuwa unyang'anyi wa kutumia silaha. Kwa sheria ya Tanzania kosa hilo halina dhamana, kwa hiyo mtu hukaa mahabusu mpaka kesi yake iishe, awe na hatia au asiwe nayo. Kaka alikaa miezi minane. Mama aliuza friza aliyokuwa akigandishia barafu za biashara ili tumlipe wakili. Kilichomtesa zaidi, nadhani, ni kwamba hakuwa na mtu wa kumchukia. Ingekuwa rahisi kama jirani angekuwa mzushi, au kama kungekuwa na ugomvi wa zamani wa kiwanja. Hapakuwa na kitu. Mwanamke alisema kweli, na kweli yake ikamfunga mwanetu.

Wanasheria huuita ushahidi wa mazingira. Hakuna aliyeona tendo lenyewe. Kuna vipande, na mahakama inaviunga. Haukatazwi, wala si dhaifu kwa asili yake. Kesi nyingi za mauaji zisingesimama bila huo, maana wauaji hawaiti watu kushuhudia. Mwaka 1958, katika kesi ya Simon Musoke, Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ilieleza kipimo ambacho mahakama zetu hukirudia hadi leo: vipande vyote lazima vigongane na uwezekano kwamba mshtakiwa hana hatia, na visiweze kuelezeka kwa namna nyingine yoyote ya maana isipokuwa kwamba yeye ndiye mkosaji. Miaka sita kabla, katika rufaa ya Teper, mtu aliyedaiwa kulichoma duka lake mwenyewe huko Guyana ya Waingereza, Lord Normand aliwakumbusha wenzake huko London kikombe cha Yusufu. Yusufu aliamuru kikombe kifichwe kwenye gunia la mdogo wake Benyamini. Gunia likafunguliwa mbele ya wote, kikombe kikaonekana. Ushahidi ulikuwa kamili, na Benyamini hakuwa ameiba chochote.

Kipimo hicho ni kizuri kukisoma maktaba. Lakini kinahitaji mtu aliye macho, na hapo ndipo filamu inaponiuma. Mle mahakamani juri mmoja anasinzia. Hakimu mwenyewe mawazo yake hayapo. Wakili wa utetezi anauliza maswali kama mtu anayesubiri chakula cha mchana. Anayeigiza Briggs ni Elisha Cook Jr., mtu mdogo mwenye macho ya mtoto aliyepotea sokoni, na hukumu inaposomwa anapiga yowe kwamba hajaua. Yowe hilo linamfuata Jane, mchumba wa Mike, hadi nje, na kuanzia hapo furaha yao inaingia mchanga. Mike amepandishwa mshahara kwa sababu ya habari hii. Sasa wanaweza kuoana. Filamu haimsimangi kwa hilo. Inaliacha tu lionekane.

Halafu inamgeuzia kibao. Mike ana jirani wa chumba cha pili, mzee Meng, mbea na mlalamishi, ambaye Mike amewahi kutamka mbele ya watu kwamba angependa kumuua. Usiku mmoja hasikii Meng akikoroma kama kawaida. Analala, anaota yeye mwenyewe anashtakiwa, kila neno alilowahi kulisema kwa hasira likiletwa mezani. Ndoto hiyo ndiyo sehemu bora ya filamu nzima. Anapoamka, Meng ni maiti kweli, amekatwa koo kama Nick. Na aliyezikuta maiti zote mbili ni nani? Mike. Anakamatwa. Shahidi amekuwa kipande.

Tangu hapo filamu inaanguka, na naona niseme. Muuaji ni mgeni anayezurura na skafu nyeupe shingoni, ameigizwa na Peter Lorre, na Jane anazunguka mitaani akimtafuta kwa maelezo ya macho yaliyotoka na midomo minene. Filamu imetumia nusu saa kutuonya tusimhukumu mtu kwa jinsi alivyoonekana, kisha inatutaka tumtambue muuaji kwa sura. Na haki inapatikana vipi? Lori linamgonga, anakiri akiwa anakata roho. Hakuna aliyeuliza swali jipya mahakamani. Mwishoni Briggs, amerudi kwenye teksi yake, anawabeba Mike na Jane bure kwenda kufunga ndoa, huku akitabasamu. Mwenzangu darasani alicheka hapo. Mimi nilimtazama Briggs nikajiuliza analala saa ngapi siku hizi.

Sisi hatukupata lori. Siku jirani alipotoa ushahidi, alirudia yale yale, neno kwa neno: alimwona, saa kumi, pikipiki imezimwa, mlango wazi. Wakili wetu, kijana ambaye hadi siku hiyo sikuwa nikimwamini sana, akasimama akamuuliza mikono ya kaka ilikuwaje.

"Ilikuwa na grisi," akajibu. "Mnyororo ulikuwa umeruka. Alikuwa ameinama anaurudisha, aliponisikia ndiyo akasimama. Aliniamkia."

Akaulizwa mbona hayo hayamo kwenye maelezo yake ya polisi.

"Hakuna aliyeniuliza."

Hakimu akaandika. Nilikuwa nimekaa benchi la pili, nikasikia kalamu. Hakukuwa na kitu kingine chochote dhidi ya kaka: si simu, si fedha, si alama ya vidole. Mlinzi mwenyewe alikuwa ameshasema hakumtambua mtu. Wiki tatu baadaye ikaamuliwa kwamba hana kesi ya kujibu.

Nimefikiria sana jibu lile. Kwa miezi minane mwanamke yule alikuwa anapita mbele ya nyumba yetu na beseni lake kichwani, akiwa na neno moja ambalo lingemtoa kaka, na hakujua kwamba analo. Kwake grisi ilikuwa grisi. Shahidi hajui kipande kipi kina uzito. Hiyo ni kazi ya anayeuliza. Na aliyekuwa akiuliza alfajiri ile alitaka kujua kitu kimoja tu, akakipata, akafunga daftari.

Kaka amerudi barabarani. Siku za soko, saa kumi kasoro, bado anampakia yule mama na matenga yake, na huwa wanazungumza njia nzima, hata sijui wanazungumza nini. Mama yeye ananunua nyanya genge la mbali, ng'ambo ya daraja, na hurudi kwa miguu.