Nilimwita Mwongo kwa Sauti Yake Mwenyewe

Nilimtoa binti mmoja kwenye mashindano ya kuimba kwa kosa ambalo hakulifanya. Nilipoujua ukweli, usiku uleule, nilinyamaza. Makosa ni mawili, na la pili ndilo linaloniumiza zaidi.

Mimi ni mwalimu wa kwaya. Nimekulia kwenye solfa: do inakaa mahali pake, mi inafikiwa bila kubabaisha, na anayeyumba katikati anarudishwa mstarini. Kwa sikio hilo niliichukia Auto-Tune tangu siku nilipoelewa inavyofanya kazi. Ilitoka mwaka 1997, ikiwa kazi ya Andy Hildebrand, mhandisi wa Marekani ambaye kabla ya hapo alikuwa akichambua mawimbi yanayopita ardhini ili kampuni za mafuta zijue pa kuchimba. Programu hiyo inaisikiliza noti aliyoitoa mwimbaji na kuivuta hadi noti sahihi iliyo karibu. Ukiiacha ivute taratibu, msikilizaji hatambui kitu. Ukiiamuru ivute papo hapo, sauti haitelezi tena kutoka noti moja kwenda nyingine. Inaruka, kama mtu anayepanda ngazi mbilimbili. Cher alisikika hivyo katika “Believe” mwaka 1998, na watayarishaji wake walificha mwanzoni, wakasema walitumia chombo kingine. Nilikishika kisa hicho kama ushahidi. Kama si udanganyifu, walificha nini?

Mruko huo ulipoingia kwenye Bongo Fleva, nikawa na jibu moja kwa kila kijana aliyenijia na wimbo wake: wewe huna sauti, una mashine. Mwaka 2014 T-Pain, aliyejulikana dunia nzima kwa mlio huo, aliimba ofisini kwa redio ya NPR kule Washington akisindikizwa na kinanda peke yake, bila Auto-Tune. Sauti ilikuwa safi, pumzi imepangwa vizuri. Nilitazama, nikasema huyo ni mmoja tu. Leo naona kwamba pale nilikuwa nimeshapewa nafasi ya kujirekebisha.

Kisha yakaja mashindano, nami nikiwa miongoni mwa majaji. Binti alipanda jukwaani akaimba wimbo wa mapenzi aliotunga mwenyewe. Kila alipofika mwisho wa mstari, sauti yake ilikatika ghafla kutoka kifuani ikaenda juu, kavu, bila ule mtetemo tunaowafundisha wanakwaya, halafu ikashuka kwa vipande. Ukumbi ulimshangilia. Mimi nilichukua maiki nikasema kwamba tumekuja kusikiliza watu, hatukuja kusikiliza kompyuta. Watu wakacheka. Binti akaomba, kwa adabu kabisa, aimbe tena bila maiki. Nikamkatalia, nikasingizia muda. Muda ulikuwepo.

Baada ya matokeo, fundi mitambo alinifuata nje. “Shikamoo mwalimu. Yule dada ulimuonea. Kwenye mikseri nilimwekea mwangwi kidogo tu, kama wenzake wote.” Nikamwitikia marahaba, nikamshukuru, nikapanda gari. Ningeweza kurudi ndani. Majaji wenzangu walikuwa bado wanakunywa soda. Niliogopa kuonekana sijui kazi yangu.

Alichokifanya yule binti nimekuja kukielewa nikiwa peke yangu, nikijaribu kukiiga. Siwezi. Kuvuka kutoka sauti ya kifua hadi ya kichwa bila kuteleza, ukatua katikati ya noti, ukaizima kabla haijatetemeka, kunahitaji pumzi na sikio ambavyo nusu ya kwaya yangu haina. Amezaliwa redio ikiwa tayari imejaa sauti zilizonyooshwa na programu. Alizisikia tangu utotoni, zikamwingia, akaziimba kwa koo lake. Mashine ilimfundisha mtindo. Kazi aliifanya mwenyewe.

Na mimi, kati ya watu wote, nilipaswa kulijua hilo. Huwa nawasimulia wanafunzi wangu jinsi waimbaji wa zamani walivyopaza sauti mbele ya pembe la kurekodia, hadi maikrofoni ya umeme ilipoanza kutumika katika studio mwaka 1925, ndipo mtu kama Bing Crosby akaweza kuimba taratibu, kama anayekunong'oneza. Mwaka 1932 Kardinali William O'Connell wa Boston aliwashutumu hadharani waimbaji wa namna hiyo. Darasani tulimshangaa sana kardinali huyo. Marijani Rajab, ninayempenda kuliko waimbaji wote wa dansi, angewezaje kuimba kwa upole ule mbele ya magitaa ya umeme na tarumbeta kama si maikrofoni? Sijawahi kumwambia mtu kwamba Marijani alibebwa na chombo. Sauti niliyoizoea niliiita ya asili, na ya yule binti nikaiita ya uongo, kwa sababu tu chombo kilichoilea kilikuja nikiwa mtu mzima.

Bado sizipendi nyimbo nyingi zinazopitishwa kwenye programu hiyo, hasa pale waimbaji watano wanapotoka studio na sauti moja. Hilo nitaendelea kulisema. Halihusiani na nilichomfanyia yeye.

Niliwaandikia waandaaji nikiomba matokeo yasahihishwe. Walinijibu kwamba kamati ile ilishavunjwa. Nikatafuta namba ya binti, nikampigia, nikaeleza yote, pamoja na habari ya fundi mitambo. Alisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akasema, “Mwalimu, yale uliyasema mbele ya watu. Hapa tuko wawili tu.”

Basi nayasema mbele ya watu. Usiku ule hapakuwa na mashine iliyomrekebisha sauti. Niliambiwa hivyo kabla sijaondoka pale ukumbini, na alama nilizompa hazikuwa za haki.