Kisiwa cha Gozo na Msafiri Asiye na Motakaa

Katika Bahari ya Mediterania, kusini ya Sicily na kaskazini ya Libya, kuna visiwa vichache ambavyo kwa pamoja huitwa nchi ya Malta. Kikubwa ni Malta yenyewe, na cha pili kwa ukubwa ni Gozo. Urefu wa Gozo hauzidi maili 9, wala upana wake haufiki maili 5, na kwa hesabu ya watu ya mwaka 2021 wakazi wake walikuwa kama 39,000. Mtu mwenye afya aweza kukivuka kisiwa hiki kwa miguu tangu asubuhi hata adhuhuri. Hata hivyo wageni wengi wakishuka Malta hukodi motakaa mara moja, wakidhani kwamba mtu asiye na gari hataona kitu. Afadhali dhana hiyo ichunguzwe kabla ya kuaminiwa.

Kwanza, mgeni atokaye Afrika ya Mashariki hatajiona kuwa mgeni kabisa. Waingereza walitawala visiwa hivi toka mwaka 1800 mpaka Septemba 1964, na hata leo magari hupita upande wa kushoto kama Kenya, na Kiingereza hutumika katika ofisi na maduka. Lakini lugha ya wenyeji ni Kimalta, ambacho asili yake ni Kiarabu. Kwa sababu hiyo Mswahili asikiapo mazungumzo sokoni huweza kushtuka. Dunia kwao ni dinja, bahari ni baħar, kitabu ni ktieb, sita ni sitta na saba ni sebgħa. Herufi x husomwa sh, kwa hiyo pwani iitwayo Xlendi hutamkwa Shlendi.

Kutoka kiwanja cha ndege cha Malta kuna basi liendalo mpaka Ċirkewwa, ncha ya kaskazini ya kisiwa kikubwa. Hapo hupandwa feri, ambayo kwa muda wa dakika 25 hivi humfikisha msafiri katika bandari ya Mġarr, upande wa Gozo. Siku za mapumziko motakaa husimama katika mstari mrefu zikingoja zamu yao, lakini mwenye mzigo wake mkononi hupita kando yao na kuingia. Nauli hailipwi wakati wa kwenda, hulipwa wakati wa kurudi. Tangu mwaka 2021 kuna pia mashua za mwendo wa kasi zitokazo mji mkuu wa Valletta, nazo hazichukui magari bali watu tu. Zamani kazi hiyo yote ilifanywa na mashua za Gozo zenye tanga la pembe tatu, namna moja na tanga la jahazi za Lamu.

Kwa mgeni, feri ni matembezi ya kufurahisha. Kwa mtu wa Gozo ni jambo la maisha. Wengi wao hufanya kazi Malta, vijana wao husoma katika chuo kikuu kilichoko huko, na ingawa Gozo ina hospitali yake, wagonjwa wenye haja ya matibabu makubwa hupelekwa ng'ambo. Feri huenda mchana na usiku, lakini upepo ukizidi safari husimama, na hapo mwenye motakaa nzuri na asiye na baiskeli huwa sawasawa, wote wakiitazama bahari.

Katikati ya kisiwa upo mji mmoja tu mkubwa. Mwaka 1887, kwa heshima ya miaka 50 ya enzi ya Malkia Victoria, ulipewa jina la Victoria, malkia yule yule ambaye ziwa letu kubwa lilipewa jina lake. Lakini wenyeji wengi wangali wanauita Rabat, kama walivyouita babu zao. Juu yake imesimama ngome ya mawe, na ngome hiyo ndiyo inayoeleza habari za njia za Gozo. Mwezi wa Julai mwaka 1551 majeshi ya Waturuki yalishuka kisiwani, yakaizingira ngome, na wakazi karibu wote, yapata watu 5,000 au 6,000, wakachukuliwa kuwa watumwa. Hata watu walipoongezeka tena, sheria iliwataka wenyeji walale ndani ya ngome, na sheria hiyo haikuondolewa mpaka mwaka 1637. Wakulima walitoka asubuhi kwenda mashambani na kurudi jioni, na njia zao zilikutana mlangoni pa ngome.

Leo hofu imekwisha lakini njia zimebaki. Karibu kila basi la kisiwa huanzia Rabat na kurudi Rabat. Toka Mġarr mpaka mjini ni karibu maili 4, na toka mjini mpaka Marsalforn au Xlendi, ambako watu huenda kuogelea, hapana zaidi ya maili 3. Msafiri na azingatie mambo machache. Katika njia nyingi basi huja kama mara moja tu kwa saa. Ni lazima kunyosha mkono, ama sivyo dereva huenda akapita. Wakati wa kiangazi, basi lililojaa halisimami hata ukipunga mikono miwili. Kwa hiyo mwenye busara hutoka mapema, hupanda pale pale Rabat, na hajiwekei ahadi mbili katika saa moja.

Aliyekosa basi hakupoteza siku. Kwa miguu, toka Rabat mpaka kijiji cha Xagħra ni mwendo usiofika saa moja. Hapo ndipo yalipo majengo ya ibada ya Ġgantija, yaliyojengwa yapata mwaka 3600 kabla ya kuzaliwa Kristo, kabla ya piramidi za Misri. Mawe yake ni makubwa mno, hata wazee walisimulia kwamba yalibebwa na mwanamke jitu. Upande wa Marsalforn, karibu na ufuko, yamechimbwa mabwawa madogo mengi katika mwamba. Maji ya bahari huachwa humo yakaushwe na jua, kisha watu hufagia chumvi na kuijaza katika magunia. Anayepita kwa gari huona madoa meupe tu. Anayepita kwa miguu huona kazi yenyewe.

Mkulima naye atapenda kutazama mashamba. Gozo haina mto, na mvua hunyesha zaidi toka Oktoba mpaka Machi. Udongo ni haba, nao umezuiwa katika vilima kwa kuta za mawe zilizopangwa bila simenti. Matundu yaliyo kati ya mawe hupitisha maji ya mvua lakini huuzuia udongo. Ukuta mmoja ukibomoka na usitengenezwe, shamba la juu huanza kuteremka. Njia za miguu hupita kando ya kuta hizo, mpaka kwenye majabali ya Ta' Ċenċ yanayosimama zaidi ya futi 400 juu ya bahari. Mtembezi achukue maji ya kutosha, na mwezi wa Agosti asitembee adhuhuri, maana kivuli ni kidogo.

Lakini ipo taabu ambayo haifichiki. Nchi nzima ya Malta ina watu zaidi ya nusu milioni, na magari yaliyoandikishwa yamepita 400,000. Barabara za vijiji zilijengwa kwa ajili ya punda na mikokoteni. Sasa motakaa husimama pande zote mbili, mwenye miguu hubanwa ukutani, na basi huchelewa nyuma ya msululu wa magari ambayo mengi yana mtu mmoja ndani. Tangu Oktoba 2022 serikali imewaruhusu wenyeji wenye kadi kupanda basi bila nauli, ili wapate sababu ya kuacha magari nyumbani. Hata hivyo kazi bado ni kubwa. Kila mtu akisema kwamba motakaa yake moja haiwezi kudhuru, wote kwa pamoja hushindwa kwenda.

Shamba laweza kupandwa mara mbili kwa mwaka, lakini kisiwa hakiongezeki hata hatua moja. Barabara ikipanuliwa, ukuta wa mkulima huondolewa, na udongo uliolindwa kwa karne nyingi huenda na mvua. Kwa hiyo mgeni anayepanda basi na kutembea Gozo hapunguzi gharama zake tu, bali huwaachia wenyeji nafasi yao. Naye jioni, akingoja feri pale Mġarr na vumbi miguuni, atakuwa ameona mengi kuliko aliyepita mbio. Kuenda mbio si kufika.