Unga wa lishe, sehemu ya 4: karanga katoa wapi?

Hii ya leo nimeichelewesha makusudi, maana inanihusu mwenyewe.

Kuna dada alikuwa ananiuzia unga wa lishe. Pakiti safi, lebo ya kuvutia. Nikampikia mwanangu tangu alipotimiza miezi sita, nikawaambia na kina mama wa kliniki: chukueni huu. Nesi akishasema, mnajua wenyewe.

Siku moja nikapita kwake, nikamkuta anapeleka karanga mashineni. Zimesinyaa, nyingine zina ukungu wa kijani. Dada, hizi umezitoa wapi? Akanijibu bila wasiwasi: sokoni, ni zile zilizobaki baada ya wakaanga karanga kuchagua nzuri. Bei nusu, na zikisagwa hazionekani. Hakuwa na nia mbaya, jamani. Aliyemuuzia naye alinunua kwa mtu wa lori, na wa lori hajui zilianikwa wapi.

Sasa sikieni. Karanga na mahindi yasiyokauka vizuri huota kuvu, na kuvu hutoa sumukuvu. Kuchemsha uji hakuiondoi. Inaumiza ini. Mwaka 2004 kule Kenya, ukanda wa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa mahindi yenye sumu hii, 125 wakafariki. Mwaka 2016 ikaua watu kwetu pia, Dodoma na Manyara. Ile ya kidogo kidogo kila siku haina kelele, ila inahusishwa na saratani ya ini na watoto kudumaa. Yaani uji uleule tunaompa ili akue!

Nikarudi kliniki nikawaeleza. Mama mmoja akaniuliza, "Nesi, mwanzo ulijuaje kwamba ni mzuri?" Nilikuwa nimeangalia lebo tu.

Yule dada hatujaachana. Siku hizi ananunua kwa mkulima anayemfahamu, anayeanika juu ya turubai, na anazichambua kabla ya kusaga. Bei imepanda, wateja wengine wamemkimbia. Mimi nimebaki.

Kwa hiyo ukinunua, alama ya TBS itafute, halafu uliza: karanga kanunua kwa nani, zilianikwa chini au kwenye turubai, nani kachambua? Akinuna, rudisha pakiti.

Kesho nitawapigia picha ninavyochambua zangu. Andaeni ungo.