Daftari la Kurasa Nne



Wapendwa taifa la Mungu, juma hili ningependa kutafakari pamoja nanyi juu ya kasoro ambayo wengi wetu hatuihesabu kuwa kosa, na ambayo mimi mwenyewe kwa miaka mingi niliihesabu kuwa fadhila. Ni tabia ya kuahirisha kazi ya kalamu kwa kisingizio cha kutaka iwe kamilifu. Sisemi habari ya mtu mwingine. Kasoro hii ni yangu.

Jimbo letu la Singida liliundwa mwaka 1972. Lilipokaribia kutimiza miaka 50, wazee wa parokia waliniomba niandike historia fupi ya vigango vyetu, ili watoto wajue jinsi imani ilivyofika huku. Nilikubali kwa furaha. Katika kigango kimojawapo aliishi katekista mstaafu, ambaye watu wote walimwita Mwalimu. Jioni moja baada ya Misa, tukiwa tumeketi nje ya nyumba yake, alinisimulia habari za mwanzo: mti waliosali chini yake, kanisa la kwanza la tembe lililovuja kila mvua ziliponyesha, na safari za miguu za kwenda kumwita padre kwa ajili ya mgonjwa. Niliandika haraka haraka katika daftari la shule, kurasa nne, kwa mwandiko ambao hata mimi nilitaabika kuusoma. Giza lilipoingia nilimwambia, "Mwalimu, nitarudi tumalizie." Akanijibu, "Karibu, Padre. Mimi nipo."

Sikurudi. Nilijiambia kwamba kabla ya kumsumbua tena mzee yule, yanipasa kwanza kuandika utangulizi mzuri. Nikaandika aya ya kwanza, nikaifuta. Nikaiandika upya, nikaona Kiswahili chake hakina uzito unaostahili habari za Kanisa. Kisha nikaona siwezi kuendelea bila kusoma kumbukumbu za wamisionari. Ikaja Kwaresima, yakafuata mafundisho ya Kipaimara, likafuata vuno la alizeti ambapo watu hawapatikani nyumbani. Kila sababu ilikuwa ya kweli, na kwa hiyo ilinidanganya vizuri zaidi. Kila nilipopita njia ile Mwalimu aliniuliza, "Padre, kitabu kinaendeleaje?" Nami nilijificha nyuma ya methali: "Kawia ufike, Mwalimu."

Mwalimu akafariki dunia. Nilimzika mimi mwenyewe. Nilipokuwa nikilinyunyizia jeneza lake maji ya baraka, nilikumbuka neno moja la jioni ile. Alikuwa amesema kwamba anawajua kwa majina watu wa kwanza kabisa waliokusanyika chini ya mti ule, kabla hawajampata padre wa kuwabatiza. Baadhi yao walikufa wakiwa wangali wanafunzi wa dini, hivyo majina yao hayamo katika vitabu vya Ubatizo. Nami nilimwambia kwamba hayo tutayaandika nitakaporudi. Hayamo katika daftari langu. Sasa hayamo popote.

Tangu siku ile nimeusoma mfano wa talanta kwa macho mengine. Mtumishi wa tatu hakuiba fedha ya bwana wake wala hakuitapanya. Aliirudisha nzima, haina hata doa. Alipoulizwa sababu, alijitetea kwa hofu: aliogopa, akaifukia. Ukurasa mweupe ni talanta iliyofukiwa. Hauna kosa la sarufi hata moja, wala hauna faida kwa mtu yeyote.

Nilipoichunguza dhamiri yangu niligundua kwamba nilichokuwa nikikilinda hakikuwa historia ya Kanisa. Kilikuwa jina langu. Niliogopa mapadre wenzangu wasije wakasema kwamba nimeandika kitabu hafifu. Kiburi kinapovaa kanzu ya bidii ni vigumu sana kukitambua, hasa kwa mwenye kukivaa.

Ndugu wapendwa, Maandiko Matakatifu yenyewe yana mwandishi aliyeushinda mtego huu. Kitabu cha Pili cha Wamakabayo ni ufupisho wa vitabu vitano vya mtu aitwaye Yasoni wa Kirene. Mwandishi wake anakiri mwanzoni kwamba kazi hiyo ilimgharimu jasho na usingizi. Mwishoni, katika sura ya 15, anasema kwa unyenyekevu kwamba ikiwa habari imepangwa vema, hilo ndilo alilolitaka. Na ikiwa ni hafifu, huo ndio uliokuwa uwezo wake. Kisha anaweka kalamu chini. Tafakarini jambo hili: Roho Mtakatifu hakuona haya kulitumia andiko ambalo mwandishi wake alikiri kwamba huenda ni hafifu.

Mtakatifu Augustino, Askofu wa Hippo katika Afrika ya Kaskazini, alikawia miaka mingi na kitabu chake juu ya Utatu Mtakatifu. Alimwandikia Askofu Aurelio wa Kartago kwamba alikianza akiwa kijana na kukitoa akiwa mzee. Watu walipochoka kungoja walikichukua bila ruhusa yake kabla hajakimaliza, naye akakasirika, akakaribia kukiacha kabisa. Ndugu zake walimsihi, Aurelio akamwagiza, naye akatii, akamaliza. Karibu na mwisho wa maisha yake alivipitia vitabu vyake na kuandika mahali alipohitaji kujisahihisha. Kwanza alivitoa, ndipo akavisahihisha. Mimi nilitaka kusahihisha kisichokuwapo.

Tena tusiende mbali. Mathias Mnyampala, Mkatoliki na mshairi, alizaliwa mwaka 1917 katika nchi ya Wagogo, jirani zetu. Akiwa na majukumu ya utumishi aliandika historia, mila na desturi za watu wake, na kitabu hicho kilichapishwa mwaka 1954. Baadaye aliitia Injili katika utenzi. Alifariki mwaka 1969. Wazee wa Ugogo wa enzi ile wametutoka, lakini kitabu kipo, na anayekiona kina upungufu anaweza kukiongezea. Asiyeandika hamwachii mwenzake hata cha kukosoa.

Mwezi mmoja baada ya maziko nilizipiga chapa zile kurasa nne jinsi zilivyokuwa, bila utangulizi. Dominika iliyofuata nilizisoma kigangoni baada ya Misa, sauti yangu ikitetemeka kwa aibu. Nilipofika kwenye habari za mti, bibi mmoja alisimama, akaegemea fimbo yake, akasema, "Baba Padre, hapo umekosea. Haukuwa mkuyu, ulikuwa mbuyu, na kisiki chake kipo." Mzee mwingine akaongeza habari ya nani aliyefinyanga udongo wa ukuta wa kwanza. Siku ile niliondoka na kurasa tisa. Kosa langu moja lilizaa ukweli ambao ukimya wangu wa miezi mingi haukuuzaa.

Majina yale hayajapatikana. Kila ninapoadhimisha Misa pale nawaombea bila kuyataja, nikitumaini kwamba kwa Mungu yameandikwa.

Siku hizi, baada ya Masifu ya asubuhi na kabla ya kufungua simu, naandika kwa nusu saa. Siruhusu kufuta kitu kabla nusu saa haijaisha. Kusahihisha kuna siku yake. Mhubiri anatuonya kwamba anayeuchunguza upepo hatapanda. Sisi wa Singida, nchi ya upepo, tungengoja utulie tusingevuna hata debe moja la mtama.

Nawaombeni nanyi mtazame nyumbani kwenu. Pengine ni barua ya kuomba msamaha unayoitafutia maneno mazuri, au wosia, au masimulizi ya bibi yako ambaye bado anasema, "Mimi nipo." Chukua daftari leo jioni, uende ukaketi naye. Andika vibaya ukibidi, lakini andika.

Nawatakieni nyote Dominika njema, na Mungu Mwenyezi awabariki, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Amina.

Wenu katika Kristo,
Paroko