Si Kila Kijiko cha Kuyeyushwa

Mwandishi wa kumbukumbu hizi aliingia usonara akiwa kijana, katika karakana moja ya Mji wa Kale, Mombasa. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuvuta mivukuto na kufagia. Vumbi la sakafuni halikutupwa. Lilikusanywa, likachomwa, chembe za fedha zikatolewa humo.

Fedha ya kazi haikutoka mgodini bali masandukuni mwa watu. Mteja alileta riale za Maria Theresa, zile zenye mwaka 1780 hata kama zilipigwa Vienna karne nzima baadaye. Zilipimwa, zikayeyushwa, zikatoka bangili, naye akalipa ujira tu. Riale moja ina gramu 28 hivi, na katika kila sehemu 1,000 za uzito wake, 833 ni fedha. Kwa fundi aliyemfundisha, hiyo ndiyo ilikuwa njia pekee: chochote cha fedha kilichovuka kizingiti kiliishia kalibuni.

Vijiko vilikuja baadaye: seti zilizoachwa na familia za Kiingereza, zawadi za kustaafu, mabaki ya vyombo vya hoteli. Chuma kisichoshika kutu, ambacho Harry Brearley alikitengeneza Sheffield mwaka 1913, kilikuwa kimekwisha kuvipokonya nafasi mezani. Chuma hicho hakidai kung'arishwa kila mara, wala hakigeuki cheusi kwa salfa ya yai.

Alipofungua meza yake mwenyewe, mwandishi alianza kusoma migongo ya vijiko kabla ya kuwasha moto. Simba anayetembea huonyesha fedha ya 925 iliyopimwa Uingereza. Nanga ni alama ya Birmingham. Taji, hadi miaka ya 1970, lilikuwa la Sheffield. Lakini vingi vilivyoletwa vilikuwa na herufi EPNS, yaani ganda jembamba la fedha lililopakwa kwa umeme juu ya mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki. Akina Elkington wa Birmingham waliipatia mbinu ya upakaji huo hataza mwaka 1840. Kijiko kisicho na alama alikikwaruza kwa tupa mahali pasipoonekana, akadondosha tone la asidi ya nitriki. Likigeuka kijani, chini hakuna fedha.

Bibi mmoja wa Kibokoni alimfungulia kitambaa chenye vijiko alivyoachiwa na marehemu mumewe, akataka vipuli vya wajukuu.

"Mwanangu, hivi ni fedha tupu. Viyeyushe."

"Bibi, fedha yake ni ngozi tu. Nikiviyeyusha nitakupa shaba, na moshi wa zinki utatuua sote. Niachie nivikate."

Bibi hakusadiki mpaka alipoliona tone la kijani. Vijiko vile vilikatwa shingoni. Ncha za mipini, zenye maua yaliyokaa vizuri kuliko nakshi nyingi za mkono, zikatobolewa na kutundikwa kwenye vikulabu vya fedha ya 925. Wajukuu walipata vipuli vyao.

Kazi ile ilimbadilishia mwandishi mpango wa meza nzima. Mpini wa fedha ya 925 huukata kwa msumeno mwembamba, huusawazisha kwa tupa, kisha huupasha moto mpaka uonyeshe wekundu hafifu, kama nyuzi 650. Hapo fedha hulainika na kukubali kukunjwa. Ikikaribia nyuzi 800 huanza kuyeyuka. Huuzungusha kwenye chuma cha kupimia pete na kuugonga kwa nyundo ya mbao, kwa kuwa nyundo ya chuma ingeyalaza maua. Alama ya simba hubaki ndani ya pete, ikithibitisha madini bila maneno ya muuzaji. Kijiko cha EPNS hukunjwa kikiwa baridi, maana moto huliharibu ganda. Uma hufaa kuwa vikulabu vya taulo na funguo: meno hukunjwa, mpini hupigwa misumari ukutani.

Visu vina hatari yake. Mipini mingi ni mitupu ndani na imejazwa lami au utomvu. Ukiipasha moto inaweza kupasuka usoni pako. Huitenganisha na bapa la chuma polepole, kwa maji ya moto.

Kuyeyusha kuna historia ya hasara pia. Januari 1980, ndugu wa Hunt wa Texas walipokuwa wamejilimbikizia fedha, wakia moja ilikaribia dola 50. Marekani na Uingereza watu walipanga foleni kuuza sinia, birika na seti za vijiko, na vingi viliingia tanuri. Kufikia tarehe 27 Machi bei ilikuwa imeanguka. Vyombo havikurudi. Kinyume chake, mafundi wa Lamu, ambao huvisha fedha vigae vya kauri ya kale ya Kichina na kuvifanya pete, hawajawahi kufikiria kuvisaga vigae hivyo viwe unga.

Siku hizi mwandishi ana sinia tatu. Ya kwanza, ya fedha ya 925, huiuza kwa gramu pamoja na ujira. Ya pili, ya EPNS, kwa ujira peke yake. Ya tatu ni ya mabapa ya visu, anayowapa wanoaji wa soko. Bei ya fedha ikipanda, masonara wenzake humbishia hodi wakitaka sinia ya kwanza kwa kilo. Huwauzia vijiko vilivyovunjika na visivyo na nakshi, kwa bei ya siku hiyo.