Muziki Usio na Kiingilio

Marehemu baba yangu, aliyekuwa mfanyakazi wa reli, alizijua karibu nyimbo zote za Mbaraka Mwinshehe, lakini ukumbini aliingia mara chache sana. Nyingi alizisikiliza akiwa amesimama nje ya dirisha, pamoja na wenzake ambao mshahara wao uliishia kwenye unga na kodi ya chumba. Huu ulikuwa mji wa Morogoro, wenye Cuban Marimba ya Salum Abdallah, na Morogoro Jazz iliyoanzishwa 1944 na kufika hadi Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya mwaka 1970. Mji uliojaa muziki kiasi hicho ulikuwa na watu wengi nje ya dirisha.

Ndugu msomaji, naona wakati umefika wa kuruhusu bendi na vijana wa muziki wa kizazi kipya kupiga bila kiingilio katika bustani na viwanja vya wazi vya mji wetu. Huko juu Uluguru, ngoma ya mbeta huchezwa uwanjani, na hakuna anayesimama mlangoni kukata tiketi. Hata mjini jambo hili si geni. Nyakati za kampeni jukwaa husimamishwa, wasanii wakubwa huimba, na hakuna anayetoa hata senti. Kampeni zikiisha, kiwanja huachiwa vumbi na mbuzi. Kumbe uwezo upo!

Wanaopinga hutaja kelele, wezi wa mifukoni, na maadili ya mabinti zetu. Hofu ya maadili ni ya siku nyingi. Mwezi Julai 1969 Rolling Stones walipiga bure katika bustani ya Hyde Park, London, mbele ya maelfu kwa maelfu ya watu. Novemba mwaka huohuo muziki wa soul ulipigwa marufuku Dar es Salaam. Mimi naamini binti anayecheza mchana kweupe, mama yake akiwa ameketi kando kwenye mkeka, ana usalama kuliko yule anayetoroka usiku kwenda disko.

Kuhusu kelele sina mzaha. Mama yangu alipokuwa mgonjwa, baa moja ya jirani ilipiga muziki hadi alfajiri usiku tatu mfululizo, na mama akawa ananiomba nifunge dirisha ambalo nilikwisha kulifunga. Kanuni za kudhibiti kelele zipo tangu 2015. Zitumike kwa baa na kwa bustani vilevile. Muziki uanze saa kumi alasiri na kwisha saa moja jioni, mbali na hospitali, spika zikielekezwa kusiko na nyumba. (Saa hizo kilele cha Bondwa mara nyingi kimekwisha kujifunika wingu, na jua halichomi.)

Lililo gumu zaidi ni malipo. Bure kwa msikilizaji isiwe bure kwa mpiga gitaa, kwani naye ana watoto. Halmashauri hukusanya ushuru sokoni kila siku; sehemu ndogo ya fedha hizo yatosha kulipa bendi moja Jumapili moja ya kila mwezi. Tuanze na hiyo moja. Wauza karanga na mahindi ya kuchoma hawatahitaji kualikwa.